Kiendelezi Kinachomsomea Torgeir

Mgeni rasmi, Bi. Ragnfrid Tveito, Mkuu wa Mifumo ya Kompyuta wa Manispaa; nawe Bi. Gudveig, mkuu wetu wa maktaba. Nanyi wasomaji mliokuja licha ya theluji:

Karibu

Sisi wafanyakazi wa Maktaba ya Sundvåg tumefurahi kukuona, maana kwa muda mrefu tulikujua kama sentensi moja tu kwenye skrini: "Kiendelezi hiki kimezuiwa na msimamizi wako." Kumbe msimamizi ana tabasamu, tena anapenda jibini la kahawia. Liko mezani, usione haya.

Yaliyotupata

Mwenzetu Torgeir ndiye anayejibu maswali ya wasomaji wa visiwani. Macho yake yamefifia, na siku hizi haoni herufi hata zikikuzwa. Anatumia kiendelezi, yaani programu ndogo iliyopachikwa kwenye kivinjari, kinachomsomea ukurasa kwa sauti. Asubuhi moja ya vuli alivaa vipokea sauti, akabonyeza. Kimya.

"Gudveig, msimamizi wangu si wewe?" aliuliza.

"Mimi nasimamia vitabu, na wewe kidogo. Kwani nimekuzuia nini?"

Kumbe viendelezi vyote vilikuwa vimefungwa manispaa nzima. Tulinung'unika sana. Baadaye ndipo tulipojua kwamba kimoja, cha kutafutia viatu vya bei nafuu, kilikuwa kinaiba manenosiri, na kwamba kilipachikwa hapa hapa kwetu. Mwenye viatu anajijua. Vimempendeza.

Tukawa tunapokezana kumsomea Torgeir. Eivor alisoma mbio kama anayefukuzwa. Jostein alichomekea maoni yake.

"Jostein," Torgeir alimwambia, "msomaji kauliza habari za nyuki. Hayo ya shemeji yako yameandikwa wapi?"

Tulicheka. Lakini siku moja tulimkuta anafungasha kikombe chake. "Nimewageuza nyote kuwa macho yangu," alisema. "Kazi zenu zinalala. Afadhali nistaafu." Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Gudveig akakupigia simu. Ulimjibu: "Nitafungua, ila sifungui vyote. Niambieni ni kipi ambacho mtu akikikosa hawezi kufanya kazi."

Tulibishana mchana kutwa. Eivor alikitetea kinachomwonyesha picha ya paka kila afunguapo ukurasa mpya. Mwishowe tulikuletea kimoja tu. Ulikagua kinaona nini na kinapeleka wapi, kisha ukakiruhusu. Torgeir alikisikiliza, akasema, "Sauti yake mbaya kuliko ya Jostein. Lakini kinasoma kilichoandikwa."

Tunachojivunia

Mgeni rasmi, tumejifunza. Kila mmoja wetu ameondoa viendelezi asivyojua vilifikaje kwake. Siku hizi wasomaji nao hutuletea kompyuta zao tuzisafishe. Mzee Halvard alikuja na kivinjari chenye vitufe vingi hata ukurasa wenyewe ukakosa pa kukaa. Tulipoviondoa vyote alisema, "Kumbe intaneti ni kubwa hivi."

Kinachotukwaza

Ruhusa tuliyopewa ni ya majaribio, mwisho wake majira ya kuchipua. Tena kiendelezi kikisasishwa na kuomba idhini mpya, hufungwa hadi mtu ofisini kwako atambue. Baada ya Krismasi kilifungwa hivyo, na Torgeir akakaa nyumbani akisubiri. Wasomaji wa visiwani walidhani ameacha kazi. Nasi tuliogopa hivyo hivyo.

Maombi yetu

Hatuombi ufungue vyote. Ulikuwa na haki ya kufunga. Tunaomba majaribio yaishe na ruhusa ibaki, na tupewe mtu wa kumpigia simu kikifungwa. Tena tunaomba uulize katika ofisi nyingine. Huenda huko yupo aliyefungasha kikombe chake kimya kimya, wala asiwe na wenzake wa kumwandikia risala.

Mgeni rasmi, risala hii imesomwa mbele yako na Torgeir mwenyewe. Pale ulipomwona anatulia kabla ya sentensi, alikuwa anasomewa sikioni.

Tunakutakia afya, barabara isiyo na barafu, na baraka kwako na kwa ofisi yako yote.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Maktaba ya Sundvåg