Mzee Ngo-ngo Anakabidhi Nyundo ya Mbao

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza bustani ya mtaa wetu na njia yake ya waenda kwa miguu, Mzee Ngo-ngo anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Juni. Ofisi imeniomba niandike kwa furaha. Nitajitahidi, lakini anayerithi nyundo yake ni mimi, na tangu nipewe barua ya kumrithi usingizi umeniruka.

Alipoajiriwa, njia hii inayopita nyuma ya nyumba ilikuwa kichaka, na watu waliikwepa kwa kuogopa vibaka. Alifyeka mpaka mtu akisimama kwenye kona moja akaweza kuiona kona inayofuata. Taratibu wakaja wauguzi waendao zamu, wenye presha walioambiwa na daktari watembee, na kina mama na watoto wao. Leo wapo wakazi wasiojua kwamba hapa paliwahi kuogopwa.

Jina lake la utani lilitokana na kazi yake ya kila asubuhi. Kabla ya kufungua geti, huugonga kila mti ulio karibu na njia kwa nyundo ya mbao, huku ametega sikio. Mti mzima hujibu kwa sauti nzito. Uliooza ndani hulia kama ngoma, naye huufunga kitambaa chekundu na kuzuia njia hadi ukatwe. Mwanzoni majirani walidhani amechanganyikiwa. Baadaye wakawa wanamletea matikiti maji ayagonge awaambie kama yameiva. Hakukosea hata moja, ingawa kila mara alidai kipande.

Mimi nilikosea. Miaka minne iliyopita alichukua ruhusa ya siku moja kumuoza binti yake, akaniachia nyundo. Kulikuwa na manyunyu, nami nikagonga kila mti upande wa njiani tu, nisije nikalowa kwenye nyasi. Nikafungua geti. Saa nne mti mmoja ukaangukia benchi la tatu. Bibi aliyekuwa amekaa pale alikuwa ndiyo kwanza amenyanyuka kumfuata mjukuu wake aliyekimbilia bembea. Benchi lilivunjika katikati.

Mzee alikuja na suti yake ya harusi. Hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko matusi. Alinishika mkono wenye nyundo, akanizungusha hadi upande wa nyuma wa lile shina lililolala, nikagonga, nikasikia ngoma. Tangu siku hiyo mvua ikinyesha nausikia tena mlio ule, hata nikiwa kwangu kitandani.

Katika miaka yake yote, hakuna mtembeaji aliyeumia. Ndiyo maana nilimwomba aongeze japo mwaka mmoja. Akasema magoti yamegoma. Wiki iliyopita nikamuuliza atapumzikia wapi. Akaniambia atakuja hapa hapa kila asubuhi na mjukuu wake wa miezi saba, wakae kwenye benchi la tatu, lile jipya, ambalo liko chini ya mti mkubwa kuliko yote. Nikamuuliza, kwa matumaini, kama ataugonga kwanza.

"Mimi si nimestaafu, mwanangu?" alisema. "Kugonga ni kazi yako. Sisi tutakuja kukaa tu."

Nilitaka kumsihi akae benchi jingine, hata akae nyumbani, lakini alikuwa ameshaanza kuifuta nyundo kwa kitambaa ili anikabidhi ikiwa safi.

Mzee wetu, wafanyakazi wenzako wote tunakushukuru kwa kila asubuhi uliyotutangulia njiani. Tunakutakia maisha mema, magoti yenye nafuu na mjukuu asiyelialia. Jumatatu ukifika na kigari chake, tazama nyuma ya ule mti kabla hujaketi. Utakuta nyasi zimekanyagwa.