Bango Lililosubiri Mlango Ufunguliwe

Baada ya miaka thelathini na minne ya kubuni mabango, majalada ya vitabu, vibandiko vya chupa na kadi za kila aina, Dada Nafasi anastaafu rasmi Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu wa Juni. Kwa kuwa ni mbunifu wa kujitegemea, alipata taabu kidogo kujua ampe nani taarifa. Mwishowe alijiandikia barua ya kuomba kustaafu, akaipiga muhuri wake mwenyewe, kisha akajijibu kwamba ombi limekubaliwa ila akabidhi ofisi ikiwa safi. Barua zote mbili zimebandikwa ngazini. Wapangaji wenzake tulizisoma tukicheka, halafu tukatambua kwamba safari hii anaondoka kweli.

Jina la Nafasi tulimpa sisi wachapaji wa ghorofa ya chini. Kila mteja aliyepanda kwake alitaka karatasi ijae mpaka pembeni, naye kila mmoja alimwambia, "Acha nafasi, jicho lipumue." Muuza nyama wa barabara ya pili alitaka kibao chenye ng'ombe, mbuzi, kuku, kisu, namba mbili za simu, picha yake na ya marehemu baba yake. Dada Nafasi akamwuliza, "Mtu akipita na baiskeli, unataka abaki na nini kichwani?" Yule bwana akafikiri. "Nyama," akasema. Kibao chake mpaka leo kina neno hilo moja, jekundu juu ya nyeupe, na foleni yake tunaijua wote.

Hakuanza kazi akiwa huru. Alianza kama mwajiriwa wa kampuni ya matangazo, na huenda angestaafu huko huko kama siku moja hangeletewa picha ya msichana mmoja na agizo la kuitumia mara mbili. Ya kwanza ikolezwe weusi, iitwe "kabla". Ya pili ing'arishwe, iitwe "baada". Mafuta yaliyokuwa yakitangazwa, msichana yule hakuwahi kuyapaka. Dada Nafasi alimwuliza mkuu wake kama angekubali picha ya binti yake ifanywe hivyo. Mkuu akamjibu kwamba yeye yupo pale kuchora, si kuhoji. Mwezi haukwisha kabla hajapanda ngazi za jengo letu, amebeba rula zake, kisu cha kukatia karatasi na kiti alichojinunulia. Mumewe, shemeji yetu mwalimu wa hesabu, alimuunga mkono kwa sentensi moja: "Tutapunguza vingine, usingizi wako tusiupunguze."

Miaka ya mwanzo aliishi kwa kadi za harusi, na zipo ndoa nyingi mjini hapa ambazo zilianza vizuri angalau kwenye karatasi. Lakini kazi ambayo jengo zima huikumbuka anapotajwa ni bango la wajawazito.

Ofisi moja ya miradi ya afya ilimwagiza bango la kuwahimiza wanawake wajifungulie kwenye kituo cha afya. Maelezo yalikuwa tayari: mwanamke amelala sakafuni, kitoto kimefunikwa shuka, na maneno makubwa yasemayo "Uzembe wako utamuua". Dada Nafasi aliomba apewe muda kidogo. Asubuhi kadhaa alikwenda kukaa kwenye mabenchi ya kituo, bila kamera wala kalamu, akawa mmoja wa wanaosubiri. Aliona wanawake wanahudhuria kliniki mimba nzima bila kukosa, kisha uchungu ukianza wanabaki nyumbani. Akawauliza kwa nini.

"Dada, mimi siogopi kuzaa," mmoja akamwambia. "Naogopa kuzaa peke yangu. Mama yangu wanamwacha getini. Mle ndani namjua nani?"

Mwingine akamweleza kwamba vitanda havina hata pazia, unazaa huku wa jirani anakutazama.

Akarudi mezani akachora. Mwanamke ameketi kitandani, mama mtu mzima amemshika mkono, nyuma yao pazia la kijani. Maneno yalikuwa manne tu: "Njoo na mtu wako."

Afisa wa mradi alilipenda mara moja. Kisha akakunja uso. "Lakini wasindikizaji hawaruhusiwi kuingia."

"Najua," akajibu. "Ndiyo maana nimekuletea mchoro tu. Cha kuchapa sijaleta."

"Sasa mchoro nifanyie nini?"

"Mwoneshe Sista Mkuu wa wodi. Siku akifungua mlango, tutachapa. Siwezi kumwita mtu na mama yake halafu mama arudishwe getini."

Afisa alikasirika. Aliona anafundishwa kazi na mchora kadi. Akamnyang'anya kazi ile, akampa mbunifu mwingine, na bango la uzembe likachapwa kwingine na kubandikwa kila ukuta. Kwa Dada Nafasi kilikuwa kipindi kigumu. Kazi za ofisi ile zilikatika, na wateja wengine wawili watatu walioogopa kusikia maswali yake nao wakahama. Tuliokuwa karibu naye tulimwona akifuta meza iliyokwisha futwa. Hakulalamika, lakini kila alipopita kwenye ukuta wenye bango lile alivuka barabara.

Bango lenyewe halikuleta mtu. Wanawake waliligeuzia mgongo kwenye foleni, na baadhi yao wakaacha hata kliniki, wakisema hawaendi mahali wanapoitwa wauaji.

Ndipo Sista Mkuu alipokuja. Alikuwa mama mnene, mkali, ambaye hata madaktari walimwamkia mapema. Alipanda ngazi zetu akihema, akafika juu akaomba maji kwanza, kisha akasema, "Nasikia umenichorea wodi ambayo sina."

Dada Nafasi akamtolea mchoro. Sista akautazama mpaka maji yakasahaulika mkononi.

"Mimi nimezaa wanne," akasema baadaye. "Wote nimezaa peke yangu, nawasikia wauguzi wenzangu wakipiga soga nje. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa." Akaurudisha mchoro mezani. "Mapazia sina."

"Mapazia yanashonwa, mama."

Siku hiyo hiyo fundi cherehani wa chumba cha kati cha jengo letu alikwenda kupima vitanda. Mapazia yakawa sehemu rahisi. Sehemu ngumu ilikuwa vikao. Sista alipambana na wakubwa wake karibu mwaka mzima. Wakasema wodi itajaa watu, wakasema maambukizi, wakasema haijawahi kufanyika. Daktari mmoja alikuwa na hoja ya haki kuhusu usafi, na Dada Nafasi hakuipuuza. Aliongeza mstari mdogo chini ya mchoro: "Mmoja tu, unayempenda, aliyenawa mikono."

Ruhusa ilipotoka, kazi ililetwa kwangu. Karatasi za kwanza zilipotoka, rangi ya ngozi za wale wanawake wawili ilikuwa imepauka. Mimi niliona inatosha. Yeye akasimamisha mashine, akavua saa, akaanza kuchanganya wino nami, na hatukuendelea mpaka watu wale walipofanana na watu wanaopita mtaani kwetu.

Wa kwanza kuingia wodini na mtu wake alikuja na mama mkwe ambaye, kwa maelezo ya Sista, walikuwa hawasalimiani vizuri. Walitoka na mtoto wa kike, wakiongea kama mashoga wa utotoni. Baada ya hapo vitanda vikawa havitoshi, na kugombea vitanda vingine likawa jambo jipya la Sista. Vituo vingine viliomba bango. Dada Nafasi alivijibu vyote kwa jibu moja: nioneshe kwanza pazia na mlango. Viwili vilikataa, na havikupewa.

Tusimfanye malaika. Ni mbishi, huchelewesha kazi kwa sababu ya herufi moja, na hawezi kuona picha imepinda bila kuinyoosha, hata nyumbani kwa watu. Kwenye harusi ya binti yangu aliinuka katikati ya hotuba ya mgeni rasmi akaenda kusawazisha kitambaa cha nyuma yake. Mgeni rasmi alidhani anatunzwa, akaongeza hotuba.

Macho yake bado makali. Anasema anaondoka sasa ili awahi kuchora vitu ambavyo hakuna mteja aliyeviagiza, na ili ajifunze kuogelea pamoja na mjukuu wake, ambaye tayari anamcheka.

Wiki iliyopita nilimwambia kwamba katika makala hii nitaandika kuwa bango lake lilibadilisha wodi. Akakataa. "Andika kwamba Sista ndiye aliyebadilisha," akasema. "Mimi nilichora kitu ambacho hakikuwepo, nikakataa kusema kipo." Nimeandika yote mawili, kwa sababu yote mawili ni kweli.

Dada Nafasi, wachapaji, fundi cherehani, mpiga picha wa chumba cha mwisho na kila aliyewahi kubishana nawe kwenye ngazi hizi tunakushukuru. Umetufundisha kuogopa sentensi nzuri isiyo ya kweli, na hilo haliko katika somo lolote la uchapaji. Tunakutakia afya, asubuhi zisizo na haraka, mikono isiyotetemeka, na maji yasiyo na kina kirefu mpaka utakapoyazoea. Mwambie shemeji tutakuja kukusalimia, na asifiche vikombe.