Abiria wa Maji

Celestine alijifanya anasoma simu, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele. Basi la wafanyakazi kutoka mji wa Euless, ughaibuni, lilikuwa limewakutanisha wanaume wawili wasiojuana, nao walishaanza kubishana.

"Ni ndege mupya, ndogo, ingali ya kujaribiwa," alisema Godefroid, Mkongo wa kiwanda cha ndege. "Haijapata ruhusa ya kubeba batu. Kwa viti tunaweka mapipa ya maji, kila pipa uzito wa mutu moja. Miye ndiye najazaka."

"Yaani abiria ni maji?" Mogaka, Mkisii, aliangua kicheko.

"Na kila pipa naandikaka jina. Ni familia yangu ya Nyarugusu, bale bangali ku kambi ya bakimbizi, bangojea safari ya kuja huku."

Kicheko kilikatika. "Bro, unaandika majina ya watu wako kwa kitu inaweza anguka? Hiyo ni kuwaitia kifo!"

"Juzi bamepaa mara tatu. Bote bamerudi."

"Futa hayo majina, ndugu yangu."

Celestine, muuguzi asiyeamini ushirikina, alijikuta anaitikia kwa kichwa. Hakujua anamwitikia nani.

Basi likasimama. Mogaka alifika mlangoni, akageuka. "Na mamako ulimweka wapi?"

"Dirishani," alisema Godefroid. "Hajaonaka mawingu toka juu."