Mzee Kushoto na Kibao cha Njia Panda

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto kwanza. Leo tunamkumbuka mtu mmoja, na habari yake haifai kusikilizwa nusunusu.

Tunamkumbuka mchora vibao wa mji wetu. Alifariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na moja. Kifua ndicho kilichomwondoa. Wengi mlimwita Mzee Kushoto. Hilo lilikuwa jina la utani, na tulilitamka tukicheka.

Kama umewahi kunyoa, kununua dawa au kutafuta choo cha umma katika mji huu, umesoma mwandiko wake. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Sakafu madoa matupu, makopo yamepangwa dirishani, brashi zimelowekwa kwenye mafuta ya taa. Na domo? Alikuwa nalo. Alichora huku akipiga soga na kila apitaye. Kuna siku aliagizwa kuandika "Kinyozi Maridadi", akaandika "Kinyozi Maradhi". Kibao kilikaa siku mbili barabarani kabla kinyozi hajajua kwa nini wateja wanachungulia na kupita.

"Baba mkono wake ulikuwa unaenda, akili imebaki kwenye hadithi," anasema binti yake, ambaye ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho.

Basi mzee huyu, kwa miaka kumi na minne, alipanda kilima chetu kila asubuhi. Jua au mvua. Alitoka nyumbani saa kumi na mbili, akapita nyuma ya tangi la maji, akaingia msitu wa misonobari. Mle ndani ardhi ni laini, imefunikwa na majani makavu, na mtu akija nyuma yako humsikii. Baada ya nusu saa hivi unafika njia panda. Mnaotembea huko mnaijua. Ukiwa unapanda, njia ya kulia inakutoa msituni hadi kwenye nyasi, nyasi za kiunoni, upepo unazilaza huku na huku mpaka kileleni. Njia ya kushoto inakwenda tambarare kati ya miti hadi machimbo ya mawe yaliyoachwa zamani. Pale ardhi inakatika ghafla. Nyasi zimeota mpaka ukingoni kabisa, huwezi kujua.

Narudia, maana ni muhimu. Kwa anayepanda, kulia ni kileleni na kushoto ni machimboni. Kwa anayeshuka ni kinyume chake. Kushoto ndiko nyumbani. Kulia ni machimboni.

Mzee alisimama hapo njia panda. Wanaopanda aliwasalimia tu. Wanaoshuka aliwaambia, "Kushoto, jamani. Mkono wa saa." Msichana mmoja akamjibu kwamba yeye hana saa. Mzee akasema, "Basi mkono usioshika kijiko." Watu walicheka, maana kibao kiko palepale na kinasema hivyohivyo. Ndipo wakambandika jina, Mzee Kushoto. Siku za ukungu alikaa huko mpaka mchana, hata chai hajanywa. Mkewe alipokuwa hai alimuuliza kama ameoa mlima. Kesho yake akapanda tena.

Sasa nifike penye uzito.

Miaka kumi na minne iliyopita ofisi ya misitu iliagiza kibao cha njia panda. Kibao kimoja, maandishi pande mbili. Karatasi ya maagizo ilieleza wazi. Upande wa wanaopanda: shika kulia. Upande wa wanaoshuka: shika kushoto. Mchora vibao hakuwa amewahi kupanda kile kilima hata mara moja. Alichora upande wa kwanza, akauacha ukauke, akakigeuza. Karakana ilikuwa imejaa watu na soga imenoga. Akaandika upande wa pili: SHIKA KULIA. Maneno yaleyale, pande zote mbili. Vibarua wakaja, wakakichukua, wakakisimika. Nani asome nyuma ya kibao?

Mwezi haukuisha. Jumapili moja mwalimu wa shule ya msingi, msichana wa miaka ishirini na minne, alikwenda kutembea kilimani peke yake. Ukungu ukashuka. Hakurudi. Jumanne walimkuta chini ya machimbo.

Alikuwa mtoto pekee wa mshona nguo wa mtaa wa pili, yule tunayemwita Mama Mwalimu. Wachunguzi waliandika kwamba aliteleza. Mji ukaandika ya kwake. Uchumba wa yule binti ulikuwa umevunjika wiki tatu kabla, na watu wakajumlisha. Wakasema amejirusha. Lisemwalo lipo, wakasema. Wapo waliokataa kwenda mazikoni. Wapo waliohamisha vitambaa vyao kwa fundi mwingine. Na redio hii, wasikilizaji wapendwa, redio hii ilisoma taarifa yenye maneno "inadaiwa alijirusha". Aliyeisoma ni mimi.

Jumatano yake askari wa msitu alipita karakana, akajisemea kwamba haelewi mtu anapoteaje na kibao kipo. Mchora vibao akaacha brashi. Akapanda kilima kwa mara ya kwanza maishani mwake, akazunguka nyuma ya kibao, akasoma mwandiko wake mwenyewe. Alikaa chini, ameniambia binti yake, mpaka miguu ikafa ganzi. Kesho yake alfajiri akarudi na kopo la rangi. Akafuta. Akaandika KUSHOTO.

Kosa la kwanza lilikuwa bahati mbaya. La pili alilifanya kwa akili zake timamu. Aliogopa jela, mkewe mgonjwa, binti yuko shuleni. Akajiambia atasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa miaka kumi na minne, na kila asubuhi ya miaka hiyo alikuwa njia panda akiwaelekeza watu wengine nyumbani.

Na kila jioni alipita mbele ya cherehani ya Mama Mwalimu, akamsalimia, akamuulizia hali. Siku moja mama yule alimshukuru. Alimwambia ni yeye tu anayemsalimia kama zamani.

Wiki tatu zilizopita, pumzi zikiwa zimekatika, alimtuma binti yake amwite. Mama Mwalimu alikuja na futi yake ya kupimia nguo shingoni, alijua anakuja kumjulia hali mgonjwa. Mzee aliomba ainuliwe kitandani. Akasema yote. Karatasi, soga, kibao, kopo la rangi alfajiri. Hakujitetea.

Mama Mwalimu aliishika ile futi kwa mikono miwili. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo mwanangu alikuwa anarudi?"

"Alikuwa anarudi," mzee akasema. "Alifuata nilichoandika."

Mama akasimama, akaondoka bila kuaga. Mlango aliuacha wazi.

Mazikoni alikuja, akasimama nje ya geti. Binti wa marehemu alimfuata, akampa shikamoo. Mama Mwalimu akamwambia, "Sijamsamehe, na usiniulize. Lakini najua redioni watamtaja. Waambie na hili walitaje, maana la kwangu lilisemwa hukohuko." Binti akaja studio siku hiyohiyo, na nguo za msiba mwilini, akaniambia nisifiche kitu. Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema baba yake amelala na jambo hili miaka kumi na minne, yeye hawezi kulala nalo hata usiku mmoja zaidi.

Basi ndugu zangu, mjitafakari, nami nikiwa wa kwanza. Fundi aliandika neno moja bila kuangalia. Sisi tuliandika mangapi? Yeye alau alirudi kufuta.

Kwa binti wa marehemu na familia nzima, poleni sana. Mmempoteza baba aliyewapenda na aliyetuchekesha. Mungu amhukumu kwa huruma zaidi kuliko sisi tunavyojua kuhukumiana.

Na kuna pole nyingine, imechelewa miaka kumi na minne. Mama Mwalimu, kama redio yako imewashwa hapo kwenye cherehani, ni mimi niliyesoma ile taarifa. Leo naisoma upya. Mwanao hakujirusha. Ukungu ulishuka, akatafuta kibao, akakisoma, akakitii. Pole, mama. Alikuwa anakuja nyumbani kwako.