Nyimbo Mbili kwa Pumzi Moja

Kwenye treni ya asubuhi nilifungua gazeti ili nisikilize vizuri. Mbele yangu alikaa binti aliyepakata kasha la tarumbeta lenye jina lake la jukwaani. Kando yake alikaa mzee aliyejitambulisha kuwa ni mwalimu wa kwaya, ingawa hakuna aliyemuuliza.

"Kumbe ndiwe wa redioni juzi," mzee alisema akisoma lile kasha. "Jazi gani ile, mwanangu? Ulianza na wimbo wetu wa msiba, wa kwa kina mama yako kama ulivyotangaza mwenyewe, halafu katikati ukatumbukiza wa kwa kina baba yako. Mshika mbili, moja humponyoka."

"Tarumbeta hushikwa kwa mikono miwili, mzee."

Niligeuza ukurasa ambao sikuwa nimeusoma.

"Ungechagua mmoja. Nyimbo zina wenyewe."

"Wenyewe nawajua. Siku tuliyomzika baba, kila upande ulitaka wimbo wake utangulie. Wakabishana mpaka kaburi likafukiwa. Baba alizikwa bila wimbo hata mmoja, na waimbaji arobaini wamesimama pale. Sasa nazipiga zote mbili pamoja, na ruhusa siombi upande wowote."

Mzee alikohoa kikohozi cha mtu asiye na mafua. "Bado ni makosa."

Treni ilisimama. Binti aliinuka, akaweka kasha begani.

"Jumamosi napiga tena. Njoo na kwaya yako mnizomee. Ila mnizomee kwa sauti, mzee. Kimya chenu nilishakisikia."