Mama Fyuzi na Cheti cha Kubonyeza

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha ufundi umeme chuoni hapa, Mama Fyuzi anastaafu. Jina hilo alipewa na wanafunzi kwa kuwa huungua haraka, lakini kazi ya fyuzi ni hiyo hiyo: iungue yenyewe, nyumba ipone. Anaondoka na vidole vyote kumi. Katika idara yake si kila mtu anaweza kujigamba hivyo.

Karakanani kwake hakuna kazi iliyopita bila kuvutwa. Alishika kila waya, akauvuta kwa nguvu zote. Ukichomoka, mwenye kazi alianza upya, hata awe mtoto wa mkuu wa chuo. (Alianza upya. Mara mbili.)

Kisha chuo kikafungua kozi za bure mtandaoni, mlango wazi kwa yeyote mwenye simu. Maelfu walijiandikisha kwake. Kwenye chumba chetu cha kurekodia aliifokea kamera, "Wewe, toa mkono hapo!" Somo liliporushwa tukataka kukata kipande hicho, lakini mtazamaji mmoja alishukuru: kweli alikuwa ameuweka mkono hapo.

Lakini walioingia kwa kishindo walitoka kwa kunyata. Bando liliisha, watoto walilia, somo la tatu likawa gumu. Kamati ya kozi hizo, kwa aibu ya takwimu za walioacha, ikapendekeza cheti kitolewe kwa maswali ya kuchagua jibu tu. Mama Fyuzi akagoma kutia sahihi. "Na atakayelala chini ya taa hiyo, naye achague jibu?" Akaambiwa anazuia maendeleo, na kwamba kozi yake itafutwa.

Likizo yake yote aliimaliza kwenye simu. Alimtaka kila mwanafunzi atafute fundi wa mtaani kwake, fundi huyo avute waya uliofungwa na mwanafunzi, huku Mama Fyuzi akitazama kwa video. Mshonaji mmoja, aliyekuwa akimuuguza mama yake na hangeweza kuja darasani kamwe, alimleta jirani fundi, mpole mno. Mama Fyuzi akapiga kelele, "Vuta, baba! Unabembeleza nini?" Jirani akavuta hadi ubao ukang'oka ukutani. Waya ukabaki palepale. Leo dada huyo ndiye anayeitwa mtaa mzima taa zikisumbua.

Waliohitimu ni wachache. Kamati bado inanuna, ingawa kozi haijafutwa.

Mama, asante kwa hasira zako. Zimetulinda kuliko heshima za wengi. Wapigie mayowe wajukuu kwa kiasi. Sisi wa karakanani na wa chumba cha kurekodia tunakuombea afya, usingizi wa mchana na siku ndefu zenye amani.

Lile pendekezo linarudi mezani wiki ijayo, na kiti chako cha kutia sahihi vyeti nimepewa mimi. Pumzika, Mama. Sahihi hawaipati.