Posa ya Mpanga Radiolaria

Baada ya sala ya Alasiri, baraza la Kibokoni huwa limekwisha kujaa, na kila mwenye nafasi yake hapo ana jina alilopewa hapo hapo. Yeslam aliitwa Forodha, kwa kuwa maisha yake yote ya kazi aliyapitisha bandarini akitazama shehena na kuipangia kundi lake la ushuru. Alistaafu yeye, macho hayakustaafu. Siku hiyo alikuja kakunja uso, na picha moja mkononi. Kijana Ziad, aliyemposa binti yake Areej, alikuwa anamleta mjomba wake, ambaye Yeslam hakupata kumwona, aje kulichukua jibu kabla ya Magharibi. Yeslam alikusudia kukataa, lakini kwa hoja zilizopangika. Basi akaiweka picha kando ya dele la kahawa, mbele ya Mzamil mpishi wa halua, aitwaye Halua, na Crispus, aitwaye Winchi tangu alipokuwa akiendesha winchi gatini.

— Hii ndiyo kazi ya mposaji wetu, alisema Yeslam. Radiolaria.

— Mbona kama vichujio vya chai? aliuliza Halua.

— Ni viumbe vya baharini, vidogo kuliko punje ya chumvi, mifupa yao mfano wa kioo. Mtu mzima, mwenye shahada mbili, kazi yake kutwa ni kusema huyu wa familia hii, yule wa familia ile.

— Na wenyewe wamemlalamikia? alisema Winchi.

— Ngoja, hujasikia. Mtazame huyu wa kwanza na huyu wa pili.

Halua aliisogeza picha hadi puani.

— Pacha hawa. Tufe moja, miiba ile ile.

— Wataalamu wa zamani nao walisema hivyo, wakawatia familia moja. Kaja Ziad, kapima chembe za urithi, asema hawa si jamaa kabisa. Huyu wa pili kamhamisha. Na jamaa wa yule wa kwanza, ati, ni huyu wa chini.

— Huyu? Hana hata mwiba mmoja!

— Ndiye huyo.

— Basi kijana hana macho, alisema Winchi. Hadubini imemla macho.

— Macho anayo, wallahi, alisema Halua. Hao wana njama yao. Kila familia mpya ni mkutano mpya Ulaya, na kila mkutano una biriani lake. Familia zikibaki zile zile, watakula wapi?

— Biriani si kitu. Leo ahamisha vidudu, kesho atakuja kwangu Makupa aniambie mimi Crispus si Mkamba.

— Wewe wajililia mwenyewe! Mlilie Forodha. Akizaliwa mjukuu, kijana atamkwangua shavu, ampime, kisha atoke kutangaza kwamba huyu si wa Kibokoni, ni jamaa wa kasa wa Tudor!

Yeslam alizipokea hoja hizo na kuzipanga kichwani kwa uzito wake. Ya kasa aliiweka mwisho, kwa tahadhari.

— Umbo ndilo hati, alisema. Mimi nilikuwa nikilitazama kreti tu, nishajua lina nini ndani. Na mtu nikimtazama pua, namjua hadi babu yake. Sihitaji kumpima chembe.

Wakati huo mtu mmoja mrefu aliingia kichochoroni, kavaa kaunda suti, mkoba kwapani, akitazama mlango mmoja baada ya mwingine.

— Haya, alisema Yeslam. Yule nani?

— Mtu wetu yule, alisema Winchi. Mkamba kabisa.

— Wapi! alisema Halua. Mluhya huyo, tazama mabega.

— Nyote mwakisia, alisema Yeslam. Huyo ni wa bara, kashuka basi Mwembe Tayari sasa hivi, na mkoba ule ni wa bima.

Winchi alimsalimu mgeni kwa Kikamba. Yeslam hakungoja hata jibu. Alimpungia mkono wa kumfukuza.

— Bima hatununui hapa! Endelea mbele, bwana, endelea!

Mgeni alisimama.

— Masalkheri, mabwana. Lugha hiyo siijui, na bima sina. Mimi ni mtu wa Lamu.

Kisha akaiona picha kando ya dele, uso ukamkunjuka.

— Kumbe kazi ya mwanetu imefika hadi barazani! Mamake Ziad ni dada yangu, baba mmoja, mama mmoja. Ziad mwenyewe yuko njiani, aegesha gari.

Yeslam aliitazama ile pua. Haikufanana na ya Ziad hata kwa upande mmoja.

— Nimekuja kwa Mzee Yeslam, kuchukua jibu, alisema mgeni. Ni yupi kati yenu?

Halua aliinamia kikombe chake. Winchi alianza kukagua kandambili zake. Yeslam, aliyeketi katikati yao, aligeuka kutazama nyuma, kana kwamba naye alikuwa akimtafuta huyo Yeslam. Nyuma yake palikuwa na ukuta.